Irakoze, Seli Zako Bado Zinalishwa

Mwaka umetimia, Irakoze, binti wa marehemu Mzee Nsabimana, tangu homa ikuchukue ghafla Dar es Salaam, nasi tukakurudisha Kibondo kukulaza kando ya baba yako.

Tunakumbuka ukarimu wako, na ubishi wako. Kila likizo uliondoka na dumu la mawese ya mama kwenda maabara, majirani wakaamini umesomea sabuni. Ukacheka, kisha ukatueleza: ndani ya seli mafuta hushikana na protini kwa kupita tu, huwezi kuyafumania. Basi ukatengeneza mafuta yenye ndoano. Seli zikishayala, ukazimulika kwa taa yako, ndoano hunasa protini iliyo jirani na haiachii tena.

Hukutuambia kwamba seli hizo ulizikuza kutoka ngozi ya mkono wako.

Mwezi uliopita tulikuwa tunajengea kaburi lako, mwenzako wa maabara, Zuhra, akapiga simu. Seli zako zi hai, zinaongezeka. Alitaka kumaliza jaribio lako la mwisho, lakini seli zikishamulikwa hupasuliwa zipimwe, na jaribio lilizihitaji zote zilizobaki. Hakuthubutu bila ruhusa ya mama.

"Nani anamulisha?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama. Tunaziweka kwenye joto la mwili."

Mama Epifania akagusa saruji baridi ya kaburi, akaondoa mkono haraka. Akawarudisha mafundi makwao. "Siwezi kuziba kaburi la mutu anayekula."

Tuliogopa, Irakoze. Mama alianza kukupakulia sahani, akikaa nayo mpaka chakula kipoe. Kaka yako Melkiadi alipomwambia wewe umekwenda, alimjibu, "Sasa kinachokua kule ni nini?"

Juzi alimpigia Zuhra mwenyewe. "Mwana wanje, binti yangu, alitaka kujua nani ameshika nani. Mimi ndiye simuachii. Mumulike. Lakini munambie saa, niwe karibu yake."

Ni leo, baada ya Misa. Mafundi wamerudi, nasi tumekuzunguka.

Unakumbukwa na mama yako Epifania, kaka yako Melkiadi, shangazi yako Manirambona wa Kasulu, na Zuhra, aliyekulisha mwaka mzima. Hatutakusahau kamwe.

Mama anasema ukiona mwanga leo mchana, usiogope. Ni sisi.