Mafuta ya Nyangumi na Mimba Yako

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Dubai sote wazima, ila babu yako bado anagombana na kiyoyozi. Unauliza kama unaweza kula mafuta ya nyangumi anayokukirimu mkweo huko Kaskazini kwenye barafu.

Nilipokuwa na mimba ya mama yako, nilitamani papa mkavu wa nazi. Wifi yangu, muuguzi, alinipokonya sahani. "Papa hula waliokula wenziwe! Wewe kula dagaa!" Nikalia.

Baadaye nilisomesha kemia, nikamwelewa. Sumu za viwanda hujikusanya mwilini, hasa kwenye mafuta, na kila mlaji huongezewa za chakula chake. Nyangumi anayekula samaki hubeba nyingi. Kulungu wa huko, mla majani, hubeba chache.

Mwambie mkweo, "Ahsante mama, nipe kulungu." Akinuna, na anune. Mwanao hana sahani nyingine ila wewe.

Bibi yako