Mikono Mia Tatu ya Kushoto

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta salama, wewe na wote nyumbani, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Mimi mwili ni mzima. Barua yako niliipata Jumatatu, nikaisoma nimesimama karakanani, nikaikunja na kuitia mfukoni kwa hasira. Unauliza kwa nini Shangazi amerudi kwako na sanduku lake bila maelezo yoyote, zaidi ya kusema kwamba Mungu amemwongoza nyumbani. Halafu unaniusia nami nimtegemee Mungu katika kipindi hiki kigumu. Unisamehe, Baba, nilicheka.

Nilicheka kwa sababu huo uongozi wa Mungu nimefanya nao kazi meza moja miaka minne. Shangazi ndiye aliyeniingiza kazini hapa, hilo silikatai. Lakini mimi nilipopandishwa kuwa mkataji mkuu na yeye akabaki mtandaza vitambaa, nilishindwa kumvumilia. Habari zilipoenea kwamba oda zimepungua na watu watapunguzwa, karakana nzima ilichanganyikiwa. Wapiga pasi waliunguza kola, washonaji wakawa wananong'onezana chooni. Dada yako akaanzisha maombi saa ya chai, kule nyuma kwenye marobota ya vitambaa. Watu wazima na akili zao wanafumba macho kati ya marobota, wanamwomba Mungu awaonyeshe njia! Mpiga pasi mmoja alilia kila siku, na kila siku alirudi mezani na macho mekundu kuunguza kola nyingine. Niliwapa jina, Kamati ya Kusubiri, na jina likawaganda.

Basi ikaja oda ya mashati ya wauguzi, mia na hamsini. Bosi wetu, tunayemwita Mzee Futi kwa kuwa futi ya kupimia haimtoki shingoni, alisema tukiiharibu hiyo tufunge mlango twende zetu. Wewe si mtu wa kazi hii, kwa hiyo nikueleze. Mikono ya shati hukatwa kitambaa kikiwa kimetandazwa uso kwa uso, ndipo kila mkono wa kulia unapopata mwenzake wa kushoto. Ukikitandaza chote uso juu, yote inatoka ya upande mmoja. Hata asiyejua kushika sindano anaelewa. Lakini sisi, mafundi wa miaka mingi, tulitoa mikono mia tatu na yote ya kushoto, na kitambaa kikawa kimekwisha. Na aliyetandaza ni nani? Dada yako.

Mzee Futi alituita ofisini. Mimi nilisema nilikuta kitambaa kimeshatandazwa, nikamwamini mtu mzima. Shangazi aliomba apewe mpaka kesho yake ili amuulize Mungu la kusema. Mtu anaulizwa swali la ndiyo au hapana, anakwenda kuulizia mbinguni! Nilimcheka mpaka machozi yakanitoka. Kesho yake akaja ametulia, akasema ni yeye aliyetandaza kitambaa, na juu ya mtu mwingine hana la kusema. Akafukuzwa kabla ya saa ya chai. Kamati ya Kusubiri ililia, na mimi nikawaambia wazi kwamba Mungu wao kweli ni kiongozi, maana amemwongoza mama wa watu mpaka getini.

Alipita mezani kwangu kuniaga. Nilidhani atanilaani, nikajiandaa kumjibu. Akaniambia alikuwa ameomba aonyeshwe namna ya kubaki kazini, hakuonyeshwa. Alichoonyeshwa ni kwamba si yeye wa kunitaja, kwa sababu akinitaja nitakataa, na nikishakataa nitaendelea kukataa maisha yangu yote. Nikamwambia aniondolee mahubiri, nina kazi.

Sasa Baba, kaa kitako.

Asubuhi ile Shangazi aliniuliza mara mbili atandaze vipi. Nilikuwa nikijigamba mbele ya washonaji, sikumtazama hata usoni, nikamjibu atandaze uso juu. Akaweka kiganja juu ya kitambaa, akasema moyo wake unasita, tutulie kidogo tuangalie upya. Nikampandishia sauti ili kila mtu asikie, nikasema kama Mungu wake anajua kukata mashati, basi na aje ashike mashine mwenyewe. Watu walicheka. Shangazi akatandaza kama nilivyomwamuru. Ni mimi, Baba. Dada yako hakukosea kitu.

Tangu aondoke nawaambia watu nimechanganyikiwa na hali ya kazi. Huo nao ni uongo. Sijachanganyikiwa hata dakika moja. Siku ileile ofisini nilijua kabisa njia ni ipi, na sikuipenda. Wale niliowacheka walikuwa wanauliza kwa sababu hawajui. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijua. Sijapata kumdharau mtu kama ninavyojidharau leo, na unajua kwa kudharau sijambo.

Leo asubuhi nilikwenda peke yangu kwenye marobota nikaomba. Nilijiona mjinga, lakini niliomba. Sikumwomba Mungu njia, nilimwomba miguu ya kuipita. Imenifikisha kwenye benchi lililo nje ya ofisi ya Mzee Futi, ndipo ninapoandikia. Nikitoka humo ndani, huenda nami nikaja kwako na sanduku langu. Barua hii nampa mlinzi aipeleke posta kabla sijaingia, maana najijua, nikibaki nayo nitaichana.

Nisalimie wadogo zangu wote na jirani wa ng'ambo ya barabara, mwambie kitambaa chake sijakisahau. Najua barua zangu huwasomea watu wote sebuleni, na penye aibu unaruka ili kunisitiri. Hii usiruke hata neno. Mwite Shangazi akae karibu nawe, usome polepole, hasa pale nilipomtukana. Wengine wote wape salamu zangu. Yeye usimpe. Zake nitamletea mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti.

Mungu akuweke, Baba.

Binti yako,
Mkataji