Baba wa Bendi ya Kutu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipojilaza mchana ule ukasema usiamshwe mpaka chai iwe tayari. Chai ikawa tayari. Wewe hukuamka.

Mama ameniambia niandike mimi, mwanao wa kwanza, kwa sababu yeye akianza habari zako hupitia kwanza kwa jirani, kwa shangazi na kwa muuza maziwa ndipo akufikie. Lakini amekaa hapa pembeni yangu, na kila nikikusifu kupita kiasi ananigusa kiwiko: "Futa. Huyo si baba yako."

Ulikuwa fundi umeme. Ukiingia nyumba ya mtu ulitazama dari kabla ya kutoa salamu. Wajane wa mtaa wetu uliwatengenezea taa, na wakikuuliza malipo ulijifanya hukusikia. Na kweli sikio la kushoto lilikuwa halisikii vizuri, lilishaharibiwa na drams.

Maana jioni ulikuwa mtu wa gitaa. Bendi yako, Kutu, uliianzisha katika karakana ya magodoro ya mjomba, ambako sponji zilizopangwa ukutani zilimeza kelele na majirani wakapata usingizi. Dereva wa lori alipiga drams. Mwalimu wa hesabu, mwanamke asiyecheka ovyo, alishika besi. Aliyeimba ni mdogo wako wa tumbo moja, kinyozi, Baba Mdogo wetu. Muziki wenu wa roki ulianza polepole, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo, halafu ukalipuka. Watu wakawa wanauliza, "Sasa huu unachezwaje?" Baba Mdogo akawajibu kwenye maiki: "Hauchezwi huu. Unakaa nao tu."

Maneno ya nyimbo yalikuwa yake yote. Sauti yake ilikuwa na ufa, kama kikombe ambacho mtu hana moyo wa kukitupa, na wachache waliokuja kuwasikiliza walifuata ufa huo.

Ndipo prodyuza mmoja akawasikia, akakuvuta kando. "Bendi naitaka. Ila huyo kinyozi wako anaimba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ninaye kijana." Ulirudi nyumbani hukugusa chakula. Mama akakwambia, "Mwambie mdogo wako kwa mdomo wako mwenyewe, asije akayasikia barabarani." Ukasema kesho. Kesho ikazaa kesho.

Siku ya onyesho kubwa la kwanza Baba Mdogo alifika mapema, shati limepigwa pasi hadi kola inasimama yenyewe. Akamkuta kijana wa miwani mbele ya maiki, anajaribu wimbo wa Baba Mdogo. Hakugomba. Alikutazama, nawe ukainama kwenye nyuzi za gitaa. Akauliza, "Kaka, mimi nishike nini?"

Ukamwambia, "Shika zile spika."

Akazibeba zote mpaka jukwaani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nimemwuliza Mama kama hapo nifute. Amesema, "Hapo acha."

Kutu ikapaa. Mkaitwa miji ya mbali, albamu zikatoka, viti hivi tunavyokalia vikaja, na sisi hatukuuliza vimetoka wapi. Lakini bendi haikutulia tena. Dereva alirudi kwenye lori lake, akaja seremala kupiga drams. Mwalimu alihamishwa kazi, besi ikashikwa na aliyekuwa mwanafunzi wake. Kijana wa miwani alipata umaarufu akaenda kuimba peke yake. Aliyemfuata aligombana na kila mtu, mwingine akaondoka katikati ya wimbo, mnamsubiri kiitikio, kumbe yuko nje anatafuta usafiri. Ukabaki wewe peke yako wa kundi la kwanza, kama jino la mwisho la mzee.

Aibu ulikuwa nayo, Baba, na sisi tuliiona. Kwenye shughuli za ukoo ulifika vyombo vinaoshwa. Shangazi akakutania, "Huyu huja kula au huja kusuuza?" Ukacheka, huku macho yanapima mlango. Ulivuka mji mzima kwenda kunyolewa kwa watu wengine, ukarudi na kichwa kama shamba lililoliwa na mbuzi. Umeme ulipokatika kwenye duka la Baba Mdogo ulimtuma fundi mwingine, ukampa na nyaya zako bora. Mtu akisifia maneno ya nyimbo zenu ulisema ahsante, kisha siku nzima hutamki neno.

Halafu ikaja ile siku ya redio. Tulikuwa sote sebuleni, Bibi akiwa kwenye kiti chake, wewe uko studio unahojiwa. Mtangazaji akauliza, "Wimbo wenu wa kwanza kabisa, nani aliuimba?"

Ukajibu, "Siku nyingi hizo. Sikumbuki."

Mama alizima redio. Bibi akasema, kama anayezungumza na mikono yake, "Nimezaa wanaume wawili. Mmoja hamkumbuki mwenziwe." Uliporudi hakuna aliyekusimulia, lakini uliziona nyuso zetu. Mimi nilishindwa kukuangalia, Baba, na ulijua nimeshindwa.

Kesho yake ulikwenda kunyolewa kwa Baba Mdogo. Tunajua yaliyotokea kwa sababu duka lilijaa watu, na duka la kinyozi halina siri. Ulikaa kwenye benchi, zamu yako ilipofika ukampisha mtu, ukampisha na mwingine, mpaka Baba Mdogo akapangusa kiti kwa taulo. "Kaka, hawa wote wamekuja baada yako."

Ukaketi. Akakufunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Ukasema ukimtazama kwenye kioo, "Siku ile nilikuona ukiwa bado getini, na lile shati. Nafasi ya kukwambia nilikuwa nayo. Nikajifanya nafunga nyaya."

"Tulia, nitakukata sikio."

"Na jana nilisema sikumbuki."

"Niliisikia. Hapa redio haizimwi."

Ukaanza kulia umefungwa kitambaa, mtu mzima, nywele zinakudondokea puani, huna mkono wa kujifuta. Watu kwenye benchi wakainamia simu zao. Baba Mdogo alizima mashine. "Miaka yote nilidhani uliniona sifai."

"Ulifaa. Nilikuonea aibu."

Akasema, "Sijui kama nimekusamehe. Tutaona. Lakini aliyekunyoa kichwa hiki, huyo simsamehe kamwe." Duka zima likacheka, nawe ukacheka na makamasi yako.

Ulimwomba arudi kwenye maiki, akakataa: "Sauti yangu imebaki ya kuuliza kipara au denge." Hukumsukuma. Kwenye onyesho lililofuata uliwaambia watu, kabla ya kupiga hata noti moja, kwamba nyimbo wanazozipenda zina mwenyewe, na kwamba ulimwondoa mdogo wako bila kumwambia. Wengine waliguna. Mmoja akapaza sauti, "Piga muziki, mzee!" Ulipiga vibaya usiku ule. Mama anasema hakuwahi kukupenda kama ulipokuwa unapiga vibaya vile.

Toka hapo hukunyolewa kwingine. Ulipougua alikuja nyumbani na mashine yake, mkakaa barazani hamzungumzi sana. Kama alikuambia amekusamehe, hamkutuambia, nasi hatujauliza.

Baada ya mazishi, seremala alikuja na mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu na kuirudia besi yake. Walitaka ruhusa ya kuivunja bendi. Baba Mdogo, aliyekuwa anapanga viti, akawauliza, "Mazoezi huwa siku gani?" Wakamwambia. Akasema atawashikia maiki mpaka wapate mwimbaji.

Ni mwaka sasa. Anaimba, na ule ufa umekuwa mpana zaidi. Akiulizwa anasema bado yupo kwa muda tu, wanatafuta mtu.

Hakuna anayetafuta.

Unakumbukwa na mkeo mpendwa, watoto wako watatu na mkwe wako, mama yako mzazi, dada yako, mjomba wa karakana, seremala, mwalimu na wote waliowahi kupita Kutu, waliokaa na walioondoka, na mdogo wako, kinyozi, ambaye amesoma haya yote na hakubadilisha neno.

Hatutakutoa mioyoni mwetu, Baba, siku zote tutakazojaliwa.