Jumapili Hii Nitamnadi Jogoo Wako

Mwaka umetimia, Baba Lusajo, tangu ulipotuacha pale nyumbani, mtaa wa Picha ya Ndege, na mimi mkeo bado sijakaa kitako. Nakaa, nasimama. Nafagia uwanja ambao Wema ameshaufagia. "Mama, hebu tulia basi," ananiambia. Nitulie, mimi maji ya mtungini? Wewe ungecheka.

Watoto walitaka tangazo hili la kumbukumbu liwe la heshima: picha yako ya suti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, basi. Nikawaambia hiyo kalamu ileteni huku. Mtu aliyeishi kwa makelele hakumbukwi kwa kunong'ona.

Maana ulikuwa na sauti, jamani! Wiki nzima wewe ni dereva wa serikali, mpole, "ndiyo mheshimiwa, sawa mheshimiwa." Jumapili ibada ikiisha pale Kongowe unavua koti, unapanda juu ya benchi nje ya kanisa, unaanza kunadi sadaka za mazao. Mkungu wa ndizi, mayai, miwa, kikapu cha mihogo. "Nanasi hili limetoka Kisarawe bila kuliwa njiani! Nani anaongeza? Mzee wa kanisa, mbona unaangalia viatu?" Hata aliyekuja bila nia ya kununua aliondoka na kitu mkononi. Mimi nilikuwa najificha nyuma ya akina mama kwa aibu. Leo naitamani ile aibu.

Kwa hiyo sauti ilipoanza kukwaruza, nani angeogopa? Wote tulisema ni mnada huo. Ukanywa tangawizi, asali, ndimu. Ukaambiwa upumzike kunadi, ukapumzika, na sauti haikurudi. Tulipokwenda hospitali Dar, daktari akasema ni saratani ya koo na imeshakua. Sikulia, nilikasirika. Wewe ndiye uliyenishika mkono: "Mama Lusajo, Mungu si kiziwi. Hata nikinong'ona ananisikia."

Wiki ile ile ukaenda shambani kwetu Kisarawe, kwa rafiki yako Shomari tunayepakana naye, ukarudi na jogoo mwekundu aliyekupa bure. Jumapili ukamwinua mbele ya watu. "Huyu hanadiwi leo," ukasema kwa kile kisauti kilichobaki. "Mungu akiniponya, nitamnadi mimi mwenyewe." Vigelegele vikapigwa, nadhiri ikawa imewekwa, na jogoo akarudi nyumbani kusubiri pamoja na sisi.

Ukachomwa mionzi mpaka shingo ikawa nyeusi. Baadaye wakakutoboa tundu la kupumulia na sauti ikaisha kabisa. Ukatufundisha lugha yako. Kijiko kikigongwa kwenye kikombe, chai haina sukari. Makofi, njoo. Kwenye sala ya jioni uliweka kidole kwenye mstari, mimi nikasoma, na mwisho ukapiga kiganja mezani, paa! Hiyo ndiyo Amina yako. Lusajo alikuwa anasema inatisha kuliko mahubiri.

Siku za kliniki, kwenye foleni ndefu, ulinivuta mkono wa gauni. Maana yake: nihadithie ya zamani. Mimi niliyeolewa bubu, maana kwenye nyumba yako nani alipata nafasi ya kusema? Nikaanza kukuhadithia. Jinsi tulivyotoka Tukuyu na godoro moja. Jinsi Lusajo alivyozaliwa wakati wewe uko safarini na bosi. Uliyoipenda kuliko zote ni ile ya mvua ya kwanza kwenye nyumba yetu, bati linavuja kila kona, watoto wanalia, na wewe unasimama katikati ya chumba na beseni unanadi: "Maji masafi kutoka juu, hayana bili! Nani anaongeza?" Mpaka watoto wakacheka, wakaanza kununua kwa vifungo vya mashati. Nilipofika hapo ulitikisika mabega kwa kicheko kisicho na sauti, na wagonjwa wengine wakasogea kusikiliza.

Na mnada hukuuacha, mkaidi wewe! Ulisimama juu ya benchi unaonyesha kwa mikono na kukunja uso, mimi niko chini napaza maneno. Siku ya kwanza nilipaza kama mtu anayeita paka. Ukanipungia mkono: juu, juu zaidi! Baadaye miguu yako ikachoka, ukawa unakaa kwenye kiti na mimi ndiye niliye juu ya benchi. Sijui hata nilipanda lini.

Uliondoka asubuhi. Recho alikuwa anakukanda miguu, mimi nakuhadithia ile ya beseni. Recho akasema, "Mama, baba ameshaenda." Nilikimalizia kisa hivyo hivyo mpaka mwisho.

Akabaki jogoo. Mwaka mzima amekuwa ugomvi wa nyumba hii. Lusajo anasema achinjwe siku ya kumbukumbu, watu wapate kula. Recho anasema apelekwe kanisani, anadiwe na mtu mwingine, yaishe. Shomari kila akija na mihogo ananitania: "Shemeji, huyo ukimweka mwaka mwingine, utamaliza mtungi wa gesi na hajaiva." Wote niliwagomea. Nadhiri ilisema ukiponywa, na hukuponywa. Sasa tunashukuru nini? Hata mchungaji nilimwambia hivyo hivyo usoni. Maskini, alimaliza chai yake akaniombea akaenda.

Na huyo jogoo ana mdomo! Kila alfajiri anawika chini ya dirisha letu, namtukana, naamka, nainjika chai. Vikombe viwili. Nikishamimina ndipo nakumbuka.

Mwezi uliopita mnada ulikuwa wa Dulla, yule wa kwaya ya vijana. Ana adabu, lakini ananadi kama anaomba radhi. Bibi Laurensia alileta trei la mayai, amelibeba kichwani, amekuja kwa miguu, magonjwa yote yale. Hakuna aliyeongeza bei. Dulla akawa anataka kuyaachia kwa bei ya kutupa. Hamadi! Nikajikuta niko juu ya benchi. "Mayai haya yamekuja kwa miguu ya bibi wa miaka themanini! Ninyi mmekuja na bodaboda, halafu mnayaonea? Nani anaongeza? Mzee wa kanisa, viatu vyako tumeshaviona!" Wakaangua kicheko, mikono ikaanza kuinuka. Akina mama nyuma walikuwa wanajifuta machozi. Mimi sikuwa na nafasi ya kulia, nilikuwa nauza. Nililia baadaye, njia nzima mpaka nyumbani, na mkono wangu mmoja uko kiunoni, vile vile ulivyokuwa unauweka wewe ukinadi.

Sasa sikiliza, Baba Lusajo. Hukupona, na mimi na Mungu bado tuna maneno, nitamuuliza nikifika. Lakini ule mwaka wa saratani alikuwa na sisi, nakataa kusema hakuwepo. Alinipa mwaka wa kukaa na wewe, mimi nasema, wewe unasikiliza, kitu ambacho sikukipata katika ndoa nzima. Huo mwaka naushukuru. Kwa jogoo mmoja unatosha.

Ibada ya kukukumbuka ni Jumapili hii, kanisani kwetu Kongowe. Ikiisha, jogoo nitamnadi mimi. Nanyi waumini nawajua: mtamnunua, halafu mtamrudishia mjane kwa huruma, ndiyo desturi yetu. Nawaomba, msinirudishie. Baba Lusajo alikuwa anasema sadaka ikirudi nyumbani na mwenyewe, ilikwenda kutembea tu. Atakayemnunua amchinje, ale na watoto wake, asiniletee hata paja. Jumatatu alfajiri nitaamka mwenyewe.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Efrazia. Wanao Lusajo, Wema na Recho. Mkweo Juliana na wajukuu. Dada zako wa Tukuyu. Shomari na mkewe Zena wa Kisarawe, ambao wamesema watakuwepo nje ya kanisa na wataongeza bei. Na wote uliowahi kuwauzia kitu wasichokihitaji.

Awike asiwike kutakucha, Baba Lusajo, na kila kukicha tutakukumbuka.