Aliyeonja Verdicchio Kwanza

Buffalo, Marekani, Jumapili jioni

Mke wangu mpendwa Daforoza, pokea salamu zangu za heshima. Uniwie radhi kwamba tangu Pasaka sijakuandikia katika daftari hili. Sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa na uchungu tu.

Leo Paulo, mchumba wa binti yetu Imakulata, amekuja kula kwetu. Babu yake alitoka Marche, mkoa wa Italia ulio kando ya bahari. Ameleta divai nyeupe ya huko, Verdicchio, ambayo kwao hunywewa kwa samaki. Mimi nilikuwa nimekaanga dagaa.

Kwa adabu alinimiminia mimi kwanza, akasubiri. Nami nikairudisha glasi mbele yake, nikasubiri. Uso ukamwiva.

"Baba, ndiyo unamkataa hivyo?" Imakulata aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Simkatai, mwanangu. Aliyeleta kinywaji huonja kwanza, tujue hakina sumu."

Alipofasiriwa, Paulo alicheka. "Mwambie mzee, akitaka naimaliza yote!" Akaonja, akanipa.

Ina ukali kidogo kama wa ndimu, na dagaa wanaipenda. Nikawapa baraka zangu. Miaka yote kule kambini, tukiwa wakimbizi, ni wewe uliyenionjea pombe ya ndizi, na tangu nikuzike hakuna aliyenionjea kitu.

Jumamosi Imakulata anasafiri kwenda Kigoma kupalilia kaburi lako. Ndiye atakayekuletea barua hii, nitakayoichana daftarini, pamoja na divai iliyobaki, katika kichupa cha dawa, akumiminie. Mungu anisamehe kwa tambiko hili.

Nimemwagiza aonje kwanza.