Mensah wa Croydon na Juma wetu

Harrow, London

Mjukuu wangu Salma,

Hatujambo, goti la bibi yako tu ndilo linalolalamika. Unauliza kama akina Mensah wote wa huko Toronto ni ndugu wao kwa wao.

Ujanani, kazini Croydon, nilimwambia Bi Mensah wa Ghana amsalimie baba yake, Mzee Mensah. Kwetu Pemba jina la pili si ndilo la baba? Alicheka! Kwao Mensah ni mtoto wa tatu wa kiume mfululizo; nyumba nyingi zina Mensah wake. Wake yeye alikuwa babu wa babu yake, jina likageuka la ukoo.

“Mimi kifungua mimba, tena mwanamke! Na huyo Juma wa jina lako?”

“Baba yangu. Alizaliwa Ijumaa.”

Nawe ulizaliwa Jumanne, Salma Juma. Ijumaa ya baba yangu imefika Toronto. Mwenyewe hata Unguja hakuwahi kuvukia.

Babu yako