Mguu Ulioachwa Chini ya Ngazi

Kijiji cha Htee Law Kee,
14 Juni.

Mpendwa dada yangu Naw Say Wah,

Umekula wali, dada? Nakuuliza kana kwamba umesimama hapa mlangoni, ingawa najua uko mbali kwenye baridi. Shemeji na watoto hawajambo? Kifua chako kimetulia? Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua kwa hizi mvua, lakini hakosi kukuombea kila alfajiri.

Dada, nimeolewa! Najua habari ulishaipata, ila acha niiseme mwenyewe. Ile nguo ndefu nyeupe ya usichana nimeifungia sandukuni. Sasa navaa sketi nyekundu ya walioolewa, niliyoifuma kwa mikono yangu, na mume wangu Saw Kler Htoo akinitazama nikiivaa, wali unaungua jikoni. Mama anacheka mpaka anashika mbavu.

Lakini jana nusura nimchukie mume wangu.

Unamkumbuka Mjomba Doh Lwe, msuka vikapu wa ng'ambo ya kijito? Alikanyaga bomu lililofukiwa, akitafuta machipukizi ya mianzi. Alikatwa mguu, akarudishwa nyumbani, na tangu hapo hataki mtu aguse kidonda. Kimeanza kunuka, na homa imempanda. Mganga wetu alisema kisiposafishwa sasa, tutamzika. Mchungaji alikwenda, akasimama mlangoni kumfundisha uvumilivu. Mjomba akamrushia bakuli. "Rudi ukiwa na mguu mmoja, ndipo tuongee!"

Kler Htoo aliposikia hayo akasema, "Basi ni zamu yangu." Wajua naye bomu lilimchukua mguu alipokuwa akibeba chumvi, na mwaka mzima alilala akiutazama ukuta, hataki hata kusikia nyimbo za kanisani.

Nililia, dada. Mvua huyasomba mabomu kutoka mlimani na kuyaleta njiani. Nikamwambia, "Mungu ana mguu wako mmoja tayari. Unampelekea wa pili?"

Akanishika mkono. "Eh Ler, ule mwaka wangu wa ukutani, unadhani Mungu aliutupa? Leo anauhitaji."

Nikamfuata kwa hasira, nimebeba dawa na vitambaa. Aliniambia nikanyage pale tu alipokanyaga yeye. Sikuinua macho njia nzima. Unyayo wa mguu wake wa nyama, kiatu cha ule wa plastiki, unyayo, kiatu.

Tulipofika, mke wa Mjomba, Naw Thu Paw, alikuwa akilia chini ya nyumba yao iliyoinuliwa kwa nguzo. Sauti ikanguruma kutoka juu, "Nani tena? Kama ni mahubiri, mabakuli yapo!"

Kler Htoo alianza kupanda ngazi, kisha akasimama. Kiatu! Nani aingie nyumbani kwa mtu na kiatu? Na chake kimegandishwa kwenye mguu wa plastiki. Akakaa, akafungua mikanda, akauacha mguu huo na kiatu chake kando ya kandambili zangu, akapanda kwa mikono na goti.

Mjomba akamwona anaingia akitambaa. "We bwana harusi, vipi hivyo?"

"Adabu, Mjomba. Kiatu kimekataa kuachana na mguu, nimeviacha vyote nje."

Kisha Mjomba akacheka, kicheko kibaya kilichogeuka kilio. "Usiku vidole vinaniwasha. Vidole ambavyo sina! Nimeshakuwa kichaa?"

"Hata vyangu vinawasha. Hasa kidole gumba, mjinga yule."

Kler Htoo hakumwambia lolote la uvumilivu. Alilala kando yake, wakiutazama ukuta mmoja, mpaka Mjomba mwenyewe akasema, "Haya, mwambie mkeo alete maji na hizo dawa zake." Nilisafisha kidonda. Alinitukana sana, dada, lakini hakunifukuza.

Leo tumesikia amekula wali. Homa haijashuka. Kesho lazima kidonda kisafishwe tena, na mvua haijakatika tangu asubuhi. Naogopa kama jana. Lakini sitamzuia tena mume wangu. Soksi anayovaa kwenye kigutu nimeikausha juu ya meko, na mikanda ya mguu nitaifunga mimi mwenyewe.

Msalimie sana shemeji, na umbusu Paw Gay wetu mdogo. Mama na Shangazi Mu Htaw wanakusalimu. Bwana awafunike huko mliko, na utuombee sisi kila hatua tunayokanyaga.

Mdogo wako akupendaye, na sasa mke wa mtu,
Naw Eh Ler